Jina Moja kwenye Zege Bichi

Sogeeni karibu. Mwenye simu aizime, mwenye wivu abaki nao, maana leo tutauhitaji. Hadithi yangu ina watu watatu wa maktaba na kisima kimoja, na nikimaliza mtaniamulia nyinyi. Nimeisimulia msibani, nimeisimulia kwenye foleni ya zahanati, nimeisimulia hata kwa kinyozi, na kote huko watu wameondoka hawasemeshani. Msije mkasema sikuwaonya.

Palikuwa na maktaba katika mji mmoja wa bara, kando ya barabara kuu. Mji siutaji, wenyewe watajijua. Chumba kimoja kirefu, rafu kumi na mbili, feni mbili ambazo moja ilishagoma, na wafanyakazi watatu.

Wa kwanza ni Bi Mashavu. Huyu alikuwa mle kwa miaka thelathini na mmoja, tangu enzi za zile kadi ndogo za kuandika kwa mkono na kupanga kwenye droo. Kipaji chake kilikuwa kukumbuka. Ungemwambia unatafuta kitabu, jina hulijui, ila kina picha ya ng'ombe kwenye jalada, naye angekuambia kiko wapi, nani alikiazima mara ya mwisho, na alikirudisha na doa la chai ukurasa wa ngapi.

Wa pili ni Elisante, kijana wa chuo, shati limenyooka tangu asubuhi hadi jioni. Kipaji chake kilikuwa kompyuta. Vitabu vyote vya mle aliviingiza kwenye mashine peke yake kwa miezi minane. Karatasi iliyofifia, mimi na wewe tunaona weupe mtupu, yeye aliipiga picha, akaichezea kwenye skrini, na maandishi yakarudi.

Wa tatu ni Nyamizi. Huyu hata kiti hakuwa nacho. Alipewa pikipiki na sanduku la vitabu, akawa anazunguka vijijini Jumatatu hadi Ijumaa. Kipaji chake kilikuwa kusikiliza. Watu wengi wanaokuja kuomba kitabu hawajui hasa wanachokitafuta, na wanaona haya kusema. Nyamizi alikuwa anakaa nao, anauliza hili na lile, mpaka swali lenyewe linatoka.

Ungedhani watu kama hao wangependana. Thubutu! Bi Mashavu hakumpenda Elisante, kwa sababu siku hizi wasomaji walipita mezani kwake bila hata salamu wakaenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Elisante hakumpenda Bi Mashavu, kwa sababu wageni wa wilayani wakija, walimwamkia yeye kwanza na kumwita mama wa maktaba. Wote wawili hawakumpenda Nyamizi, aliyerudi jioni na kuku wa zawadi na mahindi mabichi, wakati zawadi yao wao ilikuwa vumbi. Na Nyamizi naye, mgongo ukimuuma kwa barabara mbovu, alivitazama viti vyao na roho ikamchoma. Maktaba ilikuwa kimya kama inavyotakiwa, lakini ukimya wenyewe ulikuwa wa kununiana.

Tena niwaibie siri. Wiki ile kompyuta ilipowashwa, Bi Mashavu alichukua vitabu arobaini na kuvihamisha kwenye rafu zisizo zao, kimoja kimoja, huku akijidai anafuta vumbi. Mashine iseme kitabu kiko rafu ya saba, msomaji aende asikikute, kisha arudi mezani kwake kumuuliza. Ndicho alichokitaka. Naye angenyanyuka taratibu, angekitoa, na angemtazama Elisante kwa jicho la pembeni.

Sasa twende Ilindiwe. Hiki ni kijiji kilichokunywa maji ya chumvi miaka yote. Visima vitatu vilikuwa vimechimbwa na vyote vilitoa chumvi. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa Mama Chilewa, mwanamke ambaye bega lake la kulia lilikuwa limelala chini kuliko la kushoto kwa ajili ya kubeba madumu. Maji matamu yalikuwa mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Familia kumi na moja zilikwisha kuhama, na binti yake Chilewa alikuwa amefunga vyombo. Mradi wa maji wa wilaya ukawaambia kwamba mtambo utakuja Jumatatu ijayo kuchimba mara moja tu, ya mwisho. Ikitoka chumvi, mtambo unakwenda wilaya nyingine na haurudi.

Jumanne Nyamizi alifika Ilindiwe na sanduku lake. Mama Chilewa akamwomba kitabu chochote cha maji. Mtu mwingine angempa kitabu cha sayansi cha darasa la sita, akapiga mhuri, akawasha pikipiki. Nyamizi alizima injini, akakaa kwenye gogo na kumuuliza maji gani, ya nini, na tangu lini. Alikaa mpaka jua likamchoma kisogo. Mwishowe Mama Chilewa akakumbuka jambo ambalo hakuwa amelitaja kwa mtu kwa miaka arobaini: alipokuwa mtoto walikuja wapimaji wenye vyuma virefu, wakatoboa ardhi hapa na pale, wakaonja udongo kwa ulimi, wakaandika kwenye daftari, wakaondoka. Nyamizi akasimama wima. Kama waliandika, kuna ripoti, na ripoti za wilaya zililetwa maktaba.

Lakini wivu! Jumatano alipofika maktaba hakuwaambia wenzake habari ya wapimaji, wala ya Mama Chilewa, wala ya mtambo wa Jumatatu. Aliogopa watamnyang'anya sifa. Akasema tu kwamba anatafuta ripoti moja ya zamani ya maji. Elisante akagonga vidole, mashine ikasema rafu ya saba, wakaenda rafu ya saba, haipo. Wakapekua Jumatano nzima na Alhamisi nzima. Bi Mashavu alikuwa mezani kwake anakunywa chai. Alijua ripoti ipi. Alinyamaza, anasubiri aulizwe, na hakuna aliyemuuliza.

Ijumaa Nyamizi, amechoka na amebanwa, akampakia Mama Chilewa nyuma ya pikipiki na kumleta mwenyewe maktaba. Bi Mashavu akaliona lile bega. Akauliza kinachotafutwa ni cha nini hasa, na Mama Chilewa akamweleza yote. Bi Mashavu akaweka kikombe chini. Akaenda rafu ya mapishi, akaingiza mkono nyuma ya vitabu vya keki na maandazi, akatoa jalada la kijani lililofungwa kwa kamba ya katani, mojawapo ya vile arobaini alivyovihamisha.

Na hapa msimhukumu haraka. Miaka kumi na minne nyuma, mkubwa mmoja aliamuru ripoti zote za zamani zichomwe kupunguza uchafu. Wengine walizibeba mafungu mafungu mpaka motoni. Bi Mashavu alilificha lile la kijani chini ya kanga na kulirudisha ndani siku ya pili, kwa sababu alikuwa amelisoma na alikumbuka lina ramani. Kama asingelificha wakati ule, leo kusingekuwa na cha kutafuta.

Wakalifungua. Maneno yalisomeka: mahali pamoja tu Ilindiwe pana maji matamu, tazama ramani. Ramani yenyewe ilikuwa imefifia kabisa, mchwa wamepita katikati, na alama pekee iliyoonekana ilikuwa ya mkuyu uliokatwa zamani. Mama Chilewa akakaa sakafuni.

Elisante akaichukua. Akaipiga picha mara hamsini, kwa taa ya juu, ya pembeni, ya chini, akazipandanisha zile picha mpaka mistari ikaanza kutokea. Jumamosi hakula mchana. Akachukua picha ya kijiji iliyopigwa kutoka angani, akaioanisha na ile ramani ya kale, mto kwa mto, kilima kwa kilima. Jumapili saa sita alikuwa amepata: hatua mia mbili na kumi nyuma ya zahanati, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupafikiria.

Halafu akanyamaza! Alipata Jumapili saa sita na hakumwambia mtu mpaka Jumatatu asubuhi. Alitaka aipeleke mwenyewe, mbele ya watu, na pale chini ya karatasi aliandika kwamba imetayarishwa na Elisante, basi, bila jina jingine. Kumbe mtambo ulishafika alfajiri na ulikuwa unatega miguu kwenye kiwanja cha mpira.

Jumatatu hiyo asubuhi walibishana mlangoni. Elisante hakuwa na usafiri, pikipiki ni ya Nyamizi. Nyamizi hakuwa na ramani, ramani ni ya Elisante. Na Bi Mashavu alikuwa amelikumbatia jalada la kijani, akasema ramani imetoka humu, hili halikai nyuma, tena ni la kusomea ndani, haliazimwi, kwa hiyo linapokwenda naye anakwenda. Wakapanda mishikaki: Nyamizi mbele, Bi Mashavu na jalada lake katikati, Elisante nyuma ameshikilia chuma. Kilomita thelathini na nane, na hakuna aliyefungua mdomo ila kutema vumbi.

Walipofika, msimamizi wa mtambo aliitazama karatasi ya Elisante akacheka. Alisema karatasi ya kompyuta hata mwanawe anaweza kuichapa. Bi Mashavu akafungua kamba ya katani, akamwonyesha ripoti yenyewe, sahihi, mhuri, na tarehe. Msimamizi akaacha kucheka. Akauhamisha mtambo hatua mia mbili na kumi nyuma ya zahanati, na saa kumi jioni maji yalipanda. Mama Chilewa akakinga kiganja, akaonja. Akaonja tena. Akamwita binti yake Chilewa, akamnywesha kwa mkono wake mwenyewe, na Chilewa akaenda nyumbani kufungua vyombo.

Hadithi ingeishia hapo tungelala raha, lakini Ilindiwe wana desturi yao. Kila kisima kina jina la mtu mmoja, na linaandikwa kwenye zege kabla halijakauka. Mmoja, si wawili. Watu hawasemi wanaenda kisimani, wanasema wanaenda kwa fulani. Jina lako likiandikwa pale, litatajwa kila asubuhi na watoto ambao hata hawajazaliwa, mpaka kisima kikauke.

Jumamosi zege likamwagwa, na wale watatu wakaitwa. Mama Chilewa alisimama na msumari mkononi. Watu wakamwambia aandike jina lake, akakataa.

"Mimi nimekuja kuchota, sikuja kujiandika," alisema. "Na litakaloandikwa, mimi ndiye nitakayelitaja kila alfajiri mpaka nife. Kwa hiyo semeni wenyewe, wanangu."

Nyamizi akaanza. "Kijiji hiki kina watu mia sita, na hakuna aliyekuuliza ila mimi. Kama nisingekaa kwenye lile gogo, hawa wangekuwa ofisini wananuniana hadi leo. Na ripoti aliificha nani nyuma ya maandazi?"

Elisante akafuata. "Swali bila jibu ni kelele tu, na jalada lile lilikuwa limekufa. Mimi ndiye niliyepata mahali. Tena ningepata siku mbili zaidi kama dada Nyamizi angesema tangu Jumatano anatafuta nini."

Bi Mashavu alikuwa wa mwisho. "Wewe uliuliza juzi, na wewe ukatafuta jana," alisema. "Mimi nimeitunza miaka kumi na minne, bila kuulizwa na bila kushukuriwa. Na mwanangu Elisante alikaa na maji ya watu mfukoni tangu Jumapili mchana, anangoja kupigiwa makofi."

Kisha akaongeza kwa sauti ndogo kwamba mwezi wa sita anastaafu, na kwamba vile vitabu vingine thelathini na tisa bado viko pale alipoviweka, naye hajamwambia mtu. Elisante akageuka, uso umemshuka. Nyamizi akatazama chini.

Watu wa Ilindiwe wakaanza kupigiana kelele. Vijana walimtaka Elisante. Kina mama walimtaka Nyamizi. Wazee walimtaka Bi Mashavu, wakageuka tena waliposikia ya vitabu thelathini na tisa, na wengine wakasema hasa kwa sababu ya hivyo aandikwe yeye. Fundi akagusa zege kwa kidole na kusema limebaki kidogo tu, lishike.

Mama Chilewa akapiga goti, lile bega lake limelala, akaweka ncha ya msumari kwenye zege. Akawatazama wale watatu, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mimi naishia hapo. Na asiniletee mtu lile jibu la uvivu la kuandika yote matatu, nimeshasema ni jina moja. Wala msiniambie liachwe bila jina, kesho asubuhi Chilewa atasema anakwenda kwa nani? Msumari uko mkononi mwako wewe unayenisikiliza, na zege linakauka. Unaandika nani?