Sahihi ya Warda

Wahenga waliosema kawia ufike hawakumsifu mvivu. Walimsifu msafiri anayetazama anapokanyaga, hata wenzake wakimcheka kwa kuachwa nyuma.

Warda, mshona nguo wa Rumonge nchini Burundi, alikuwa amepanga chumba kando ya barabara iendayo sokoni. Humo alishona sare za shule na kumlea bintiye, Kaoutar. Chumba cha pili alipanga Domitille, aliyekaanga ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, na kuwauzia abiria wa mabasi madogo yaendayo Nyanza-Lac. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Chumvi ikimwishia mmoja, aliingia kwa mwenzake bila kubisha hodi.

Asubuhi moja alikuja Shafii, mpwa wa mwenye nyumba. Mjomba wake alikuwa mgonjwa huko Bujumbura, na sasa yeye ndiye aliyesimamia nyumba. Alitoa mikataba mipya iliyoandikwa kwa Kifaransa, akataka isainiwe papo hapo kwa kuwa gari lilikuwa likimngoja.

Domitille hakusita. Alikuwa amekulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na huko alizoea kuweka sahihi popote alipoonyeshwa kwa kidole, maana aliyeuliza sana alirudishwa nyuma ya foleni. Alisaini, akarudisha kalamu, akashukuru kwa Kirundi, "Murakoze."

Warda aliishika karatasi, akaipitia kwa macho. Maneno machache tu aliyatambua.

"Niachie, Shafii. Ijumaa utapata jibu."

"Mama Kaoutar, asiyesaini anataka kuhama."

"Sijasema nahama. Mkataba wangu wa zamani unafika mwisho wa mwaka, na kodi hujawahi kuikosa. Siwezi kutia sahihi kwenye maneno nisiyoyajua."

Shafii alikunja uso, akaondoka akiiacha karatasi. Domitille alimlaumu rafiki yake, akisema atawaponza wote wawili. Warda alirudi kwenye cherehani yake, ingawa hofu haikumwacha. Akifukuzwa, angempeleka wapi Kaoutar, na cherehani angeiweka wapi?

Kesho yake alipanda pikipiki hadi Minago, kwa Généreuse, mwalimu wa Kifaransa aliyekuwa mteja wake. Walisoma kifungu kwa kifungu. Kodi ilipanda kidogo. Hilo Warda alilikubali. Lakini paa likivuja, mpangaji ndiye angelitengeneza. Na mwenye nyumba akikihitaji chumba, mpangaji angehama bila kupewa muda wowote. Aliporudi alimweleza Domitille yote, akamsihi waende pamoja kwa Shafii. Domitille alitikisa kichwa, akasema maji yakimwagika hayazoleki.

Ijumaa Shafii alimsikiliza Warda akiwa amesimama, kisha akampigia simu mjomba wake. Mzee, kwa sauti dhaifu, alisema kwamba mpangaji kama huyo hafukuzwi kama kuku. Basi Shafii alifuta vifungu viwili, akaandika kwamba paa ni juu ya mwenye nyumba, na kwamba mpangaji ataarifiwa miezi mitatu kabla ya kuhama. Hapo Warda alisaini, naye Shafii akasaini, kila mmoja akabaki na nakala yake.

Mvua zilipoanza, mzee alifariki dunia. Haukupita muda, Shafii akapata mfanyabiashara aliyetaka vyumba vyote viwili afungue duka la simu. Domitille aliambiwa ahame kabla ya wiki kuisha. Alikwenda kulalamika kwa viongozi wa mtaa. Walimhurumia, lakini wakamwonyesha sahihi yake mwenyewe. Warda naye aliarifiwa ahame, ila miezi yake mitatu haikuguswa.

Warda hakumcheka mwenzake wala hakumkumbusha lolote. Aliisogeza cherehani ukutani, masufuria ya Domitille yakapata pa kukaa, na mwenyewe akapata pa kulala. Kwa kuwa muda ulikuwepo, walitafuta makao mapya bila pupa, wakivikataa vyumba vibovu, mpaka wakapata nyumba nzuri karibu na stendi.

Mwenye nyumba hiyo alimnyooshea Domitille karatasi na kalamu. Domitille aliiweka kalamu mezani, akavuta kiti, akaketi.

"Nisomee yote, baba," alisema. "Tena kwa Kiswahili. Mimi leo sina haraka."

Mwenye nyumba naye akaketi, akaanza kusoma. Ama kweli, kawia ufike.