Dawa ya Dakika Ishirini

Ndugu zangu, hebu mfikirieni muuguzi mmoja, dada mchapakazi, mwimbaji wa kwaya kama hawa walioketi hapa mbele. Siku hiyo alikuwa na wagonjwa thelathini na mmoja, peke yake wodini, na ibada ya maombi ilikuwa inaanza saa kumi jioni. Kufika saa tisa na nusu alibakiwa na mgonjwa mmoja tu: mama mtu mzima, amevimba miguu kwa sababu figo zimechoka.

Daktari alikuwa ameandika dawa ya kutoa maji mwilini, ya kusukumwa kwa mkono kwenye mshipa. Pembeni ameandika: dakika ishirini. Dada aliyaona maneno hayo. Alijua pia kwamba dawa ile ikiingia kwa pupa inaweza kuharibu masikio. Lakini kila akitazama saa ya ukutani anaona anachelewa. Akachomeka bomba la sindano, akaanza kusukuma.

"Sista," mama akasema, "mbona masikio yananivuma?"

"Itapita, mama. Tulia tu."

Hapo dawa ilikuwa imefika nusu. Si angeweza kusimama? Mkono ulikuwa wa nani? Akamalizia. Dakika moja hivi, hazikufika mbili. Akaandika kwenye faili kwamba dawa imetolewa, akawahi ibada, na siku hiyo aliimba vizuri kweli kweli.

Kesho yake asubuhi anamkuta mama ameshika simu sikioni. "Halo? Halo? Mwanangu, mbona huongei?" Na dada, aliyesimama hatua mbili kutoka kitandani, anaisikia sauti ya kijana wazi kabisa: "Mama, nipo! Mama, hunisikii?"

Akaenda kumwita daktari.

Wakapima masikio. Wakangoja wiki, wakangoja ya pili. Hayakurudi. Daktari akapekua faili, hakuona kosa, kwa sababu faili halikusema dawa ilikwenda kwa dakika ngapi. Akasema labda ni ugonjwa wenyewe. Dada alikuwepo, akanyamaza.

Siku mama anaruhusiwa, dada akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika mikono, akalia. "Ni mimi, mama. Niliisukuma haraka. Uliniambia masikio yanavuma, nikaendelea. Nisamehe." Mama akamtazama ile midomo inavyokwenda. Akafumba macho. Alipoyafumbua akaona imetulia, akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe: "Amina! Mungu akubariki, sista, kwa kuniombea."

Mnadhani dada alifanya nini? Yule mama alijua kusoma. Kalamu ilikuwa kwenye mfuko wa sare. Maneno matatu yangetosha.

Dada akajifuta machozi, akasema, "Amina."

Mama akarudi kwake, na kila aliyemtembelea alimsimulia habari za muuguzi mmoja mwenye huruma.

Naona mnaguna. Mnamgunia nani? Sisi nasi tumewekewa watu mikononi. Mke amesema naumia. Mtoto amesema, binti wa kazi kule jikoni amesema. Tukawajibu itapita, kwa kuwa tuna haraka, tena haraka ya kuja hapa kanisani! Baadaye tunatubu, ndiyo, na machozi ni ya kweli, lakini tunatubia mahali ambapo tuna hakika hatutasikiwa. Tunaondoka na baraka za watu tuliowaharibu, tunazivaa, tunakuja nazo Jumapili. Msamaha gani huo?

Wiki nzima nimetafuta neno la kumpa yule dada, la kumwinua pale alipopiga magoti. Sikulipata. Msinitazame hivyo, sikulipata. Yule mama hatasikia tena, na hatajua kamwe ni kwa nini.

Lakini wewe, kama kuna mtu umemkumbuka sasa hivi, na bado anasikia, inuka uende kwake. Usingoje nifunge ibada.