Vilele vya Liwali

Palikuwa na Liwali aliyeanza siku kwa ugomvi wa rupia mbili, kabla hata hajanawa uso. Jina lake Mahfudhi. Nyumba yake ilikuwa na walaji kumi na wanane, na ghala la mchele lisilokauka, ila mchele huo ulikuwa wa kuuza na wa ujira, si wa jikoni. Mbele yake alisimama mpishi wake, Somoe, kikapu cha soko kiko kwapani.

Kila Alhamisi Somoe alipewa rupia nne za soko la juma zima. Siku hiyo Liwali alimwekea mbili kiganjani. Chakula kiwe kilekile, akasema, na atakayeshindwa atafute jiko jingine.

Somoe alikuwa mjane, ana mama mgonjwa na watoto wawili. Jiko jingine atalipata wapi? Akazifunga zile rupia mbili katika pindo la kanga, akaenda.

Na akaweza. Hakwenda asubuhi na wake wa wakubwa, alikwenda baada ya alasiri, wakati muuza nyanya anapoona aibu kurudi nazo nyumbani. Maharage alinunua na maganda yake, akayamenya mwenyewe. Ndizi alichukua mkungu mzima, si chane. Lakini siri kubwa ilikuwa kwa Mzee Chande, muuza mchele. Somoe hakukopa, hakutukana bidhaa ya mtu, na mke wa Chande alipougua, Somoe ndiye aliyempikia. Basi Chande alipompimia, kibaba kilikuwa cha tele: mchele unapanda, unapanda, mpaka unafanya kilele kama kichuguu. Wengine walipata tele ndogo, ya kuona haya. Ya Somoe ilikuwa inamwagika. Vibaba arobaini vya namna hiyo vilifika Alhamisi ya pili na ukoko ukabaki.

Liwali akafurahi. Akajisifu barazani kwamba ana akili ya kubana matumizi. Kisha, kama ilivyo ada ya mtu aliyeonja asali ya mwenziwe, akatazama mzinga wa pili. Ujira wa Somoe ulikuwa vibaba saba vya mchele kila Ijumaa, kibaba kwa siku, na siku zote ulipimwa tele. Ijumaa ile Liwali akakaa mwenyewe ghalani. Akajaza kibaba, akapitisha ubao juu yake, fyuu. Kilele chote kikarudi guniani.

"Bwana, huo ni mfuto," akasema Somoe.

"Kibaba ni kibaba. Kilele ni upepo tu."

"Upepo?"

"Upepo. Nani alikuahidi upepo?"

Mimi ningemwagia mtu mchele wake miguuni. Somoe alifunga mzigo wake, akaondoka. Lakini upepo ule ulikuwa chakula cha watu. Ikifika Jumatano, mama yake anakunywa uji mwepesi unaoonyesha kitako cha bakuli, na watoto wanalala wakiulizana kesho ni lini.

Alivumilia Ijumaa sita. Alhamisi iliyofuata akamwambia Mzee Chande ampimie mfuto, vibaba vyote arobaini. Chande akashika ubao kama anashika nyoka. Akauliza kama amemkosea. Somoe akamwambia hajamkosea, ila ndicho kipimo cha nyumbani kwa Liwali. Kesho yake Liwali naye akampimia ujira mfuto vilevile, Ijumaa ya saba.

Jumatano adhuhuri Kadhi alikuja kula kwa Liwali. Akaletewa uji. Akaukoroga, akatafuta punje, akaukoroga tena.

Liwali akamwita Somoe barazani, watu wamejaa.

"Mchele wangu umeuiba."

"Nilinunua vibaba arobaini, bwana. Nimepika vibaba arobaini."

"Vya juma lililopita vilifika Alhamisi."

"Vile vilikuwa na vilele."

"Na vilele vya safari hii viko wapi?"

"Vilipeperuka, bwana."

Watu wakatazama chini. Liwali akatuma Mzee Chande aletwe, akamwuliza kama mpishi huyu aliuza mchele njiani. Chande akajibu kwamba kilele hakikutoka hata kwenye gunia lake. Mama huyu mwenyewe alitaka mfuto, naye akadhani ni amri ya Liwali.

"Amri yangu? Nani anayeamuru yeye mwenyewe anyimwe haki yake?"

"Kumbe kilele ni haki?" akauliza Somoe, taratibu.

"Ni haki, wewe mwanamke! Kibaba bila kilele chake hakijatimia. Ni ada ya mji huu tangu babu wa babu yangu. Hata mtoto anajua."

"Na anayekifuta?"

"Mwizi. Awe muuza mchele, awe nani."

"Na aliyefutiwa?"

"Arudishiwe, punje kwa punje! Kadhi si huyu hapa? Mwulize."

Kadhi aliweka bakuli chini. Alikuwa na njaa, na mtu mwenye njaa hahukumu kwa maneno mengi. Akasema ada ni ada, na Liwali amenena sawasawa. Hukumu yake imepita.

"Nimeshukuru, Sheikh," akasema Somoe.

Akaingiza mkono kikapuni. Akatoa kibaba kitupu, kilekile cha ghalani, kimeng'aa kwa kupitishwa ubao. Akapiga hatua tatu, akakiweka magotini kwa Liwali.

"Ijumaa saba, bwana, vibaba saba kila Ijumaa. Vilele arobaini na tisa. Nipimie."