Mkono Ulioachia Mtoni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnajibu kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawa! Palikuwa na nani?

Hapo sawa. Palikuwa na mtu, na mtu huyo si mimi wala si wewe, ingawa nikifika mwisho utaanza kuwa na wasiwasi.

Hapo kale, katika kijiji kimoja kando ya mto, watu walikuwa na desturi ya Limbuko. Mtama mpya ukivunwa, ugali wa kwanza hauonjwi mpaka kila mtu asimame aseme kisa chake: mimi ni fulani, niliyefanya hivi. Asiye na kisa hali. Watoto wadogo walisemewa na mama zao, mpaka wapate akili ya kujisemea.

Basi palikuwa na Kulwa, mke wa Lutema. Kulwa alizaliwa pacha na Doto, na Doto alichukuliwa na maji wakiwa na miaka mitatu. Tangu Kulwa anang'oa meno ya utoto, kisa chake kilikuwa hicho hicho: "Mimi ni Kulwa, niliyeachia mkono wa Doto mtoni." Kila mwaka anasema, kila mwaka watu wanaguna, kila mwaka anakula ugali wake kimya.

Kulwa akajifungua mtoto wa kike, Milembe. Akakataa kumbeba. Anamnyonyesha akiwa amelala naye mkekani, akimaliza anajisogeza pembeni. Lutema akambembeleza, akanuna, mwisho akamwambia Limbuko likifika hajambeba mtoto, atampeleka mtoto kwa mama yake yeye Lutema akalelewe huko. Na hakuwa anatania.

Msidhani hakumpenda. Alimpenda mpaka anatetemeka. Aliiogopa mikono yake tu.

Siku tatu kabla ya Limbuko akashuka mtoni. Alijiambia akijua mkono ule aliuachiaje, atajua asiachie tena. Akamkuta Chura.

"Ewe Chura, niliuachiaje mkono wa ndugu yangu?"

"Mimi ni wa masika haya. Muulize Korongo."

Akamkuta Korongo.

"Ewe Korongo, niliuachiaje mkono wa ndugu yangu?"

"Nilikuwa navizia samaki, nyuso sikuziangalia. Niliona mikono miwili, mmoja mdogo, mmoja mkubwa. Muulize Kiboko."

Mkubwa? Mkono wa Kulwa siku zile ulikuwa mdogo kama wa Doto. Akamfuata Kiboko, mkongwe wa mto ule.

"Ewe Kiboko, niliuachiaje mkono wa ndugu yangu?"

"Wewe hukuwepo," Kiboko akasema. "Ulikuwa na surua, umefungiwa ndani kwa bibi yako. Aliyevuka na Doto ni mama yenu. Mkono huu Doto, mkono huu mtungi wa mbegu. Maji yakamyumbisha, mkono mmoja ukafunguka. Mtungi ulifika ng'ambo mzima."

Jamani. Mimi hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, na hapo huwa nachochea moto kwanza.

Kilichomshtua Kulwa zaidi hakikuwa mama yake. Ni kwamba alikumbuka. Alivikumbuka vidole vya Doto vikiteleza kimoja kimoja, na baridi ya maji kifuani. Mambo ya siku ambayo yeye alikuwa kalala ndani, ana homa! Akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Limbuko likafika. Zamu yake ikaja, akasimama.

"Mimi ni Kulwa," akasema. "Sikuwepo."

Watu wakaacha hata kuguna. Mama yake, Nyamizi, akainuka.

"Ulikuwepo, mwanangu. Nilikuona kwa macho yangu haya."

Na hakuwa anadanganya. Hapo ndipo kijiji kizima kilipoingiwa na hofu. Mwaka ule wa msiba Nyamizi alitakiwa asimame aseme kisa, na kisa chenyewe hakikutamkika. Akasema cha mbegu alizoziokoa, na kile kingine akamvisha Kulwa, mtoto asiyejua kujisemea. Kisha akakisikia kila Limbuko, miaka nenda miaka rudi, mpaka naye akakiona.

"Mama, nilikuwa na surua," Kulwa akasema.

Nyamizi akafungua mdomo. "Bibi yako alikupaka majani," akasema polepole. "Tulikuacha kwa sababu ya vipele..." Akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza. Akakaa chini pale pale, mavumbini.

Kulwa akamwinua Milembe mkekani, akamweka mgongoni, akafunga nguo. Mtoto akalala. Lutema akainamisha kichwa.

Wazee wakamwambia Kulwa basi aseme kisa chake kingine, apate kula.

"Sina," akasema. "Ndiyo kwanza naanza."

Siku ile Kulwa hakula, na mama yake, aliyekwisha kusema kisa chake cha mbegu na kupata ruhusa ya kula, naye hakugusa chakula.

Hadithi naikunja hapa. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka aiache jikoni. Funzo lake ni hili: uliyoambiwa kukuhusu kabla hujajua kusema, yaulize, hata kama unayakumbuka vizuri sana.

Mimi tangu utotoni nimeambiwa ni mlafi, na sijawahi kuuliza. Hayo mahindi yaliyobaki sogezeni huku.