Mtamba wa Waliogeuza Sola

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, kiangazi kiliibana Mlangwa, kijiji cha wafugaji huko Ugogo. Pampu ya kisima iliendeshwa kwa sola, lakini maji yalidondoka tu. Mzee Chibago, aliyewazidi wote kwa mifugo, akatangaza: "Atakayelijaza birika la ng'ombe, nampa mtamba."

Sechelela, mwenyekiti wa kisima, alikuwa akitwanga mtama saa sita mchana alipoona kivuli cha mchi kimeangukia kusini. Akauacha mchi kinuni. Kumbe jua la kiangazi liko kaskazini, na sola zimelazwa kwenye paa lililoinamia kusini. Zimelipa jua kisogo!

Kesho yake alfajiri akakimbia kwa Malogo, fundi wa kuchomelea vyuma. "Tuzishushe, uziundie stendi."

"Pampu itazimwa kutwa," Malogo akasema. "Leo zamu ya nani kunywesha?"

Ilikuwa zamu ya Ndahani, mwenye ng'ombe wachache. Aliwatazama ng'ombe wake, mbavu zinahesabika. "Zimeni," akasema.

Sola zikashushwa. Saa sita ilipofika, Sechelela akasimamisha kijiti wima juu ya sola. "Inua upande wa kusini. Inua. Inua tena." Kivuli cha kijiti kikafupika, kikafupika, kikaisha. "Hapo hapo, sasa zinatazamana na jua. Choma."

Malogo akazilaza kidogo kabla ya kuchoma. "Zikisimama vile upepo utazibeba, dada. Tena masika jua litahama, na stendi haihami."

Sechelela akafura, lakini chuma kilikuwa kimeshashikana.

Jioni ile ng'ombe mmoja wa Ndahani alianguka, hakuinuka tena.

Kesho yake jua likapanda. Bomba likakohoa, likatema, likamwaga! Wanawake wakapiga vigelegele, watoto wakalowa chapachapa, ng'ombe wakasukumana vichwa. Birika likajaa, likafurika. Na ulipokuja upepo ulioezua ghala la kijiji, stendi haikutikisika.

Mzee Chibago akaleta mtamba mwekundu, akamkabidhi Sechelela kamba. "Mwenyekiti ni wewe, mwanangu. Mpe anayestahili."

"Bila jicho langu," alisema Sechelela, "zingelitazama kusini mpaka leo."

"Bila mkono wangu," alisema Malogo, "leo mngeziokota porini vipande vipande."

Ndahani alikuwa wa mwisho kusema. "Mimi sijui jua wala chuma. Nilitoa zamu yangu, na ng'ombe wangu amekufa."

Sechelela akaitazama kamba. Tangu azaliwe hajawahi kuwa na ng'ombe wa kumwita wake, na vidole vyake havikutaka kufunguka. Watu wote wa Mlangwa walikuwa wakimtazama.

Haya, ninyi mlionisikiliza, kamba ingekuwa mkononi mwenu, je, mngempa nani mtamba?