Kidonge cha Mwenyekiti

Kunywa maji si kumeza kidonge. Nimemwambia hivyo Shukuru, aliyefunua kitabu, akakifunika, akaja kututangazia kwamba amesoma. Mmecheka, kisha mkaniuliza msemo huu umetoka wapi. Basi kaeni vizuri. Ulitokea mdomoni mwa daktari.

Sekela alikuwa nesi katika makao ya wazee nje kidogo ya Tukuyu. Kazi yake aliipenda, ila aliitamani hospitali kama mjamzito anavyotamani udongo. Mara mbili aliitwa kwenye usaili, na mara zote mbili, alipotaja tu makao ya wazee, wasaili walitabasamu wakamwambia kwamba pale hawatafuti mtu wa kulisha uji. Iliuma. Mara ya pili alilia njia nzima hadi nyumbani.

Alipoitwa tena, binamu yake Subilaga, nesi wa hospitali na mjuaji wa kila jambo, akamwonya.

"Safari hii wazee wako waache hukohuko. Kariri majibu ya kihospitali. Ukimtaja babu hata mmoja, umekwisha."

Sekela akakariri. Alikariri akitandika vitanda, akakariri akiwakata watu kucha. Wazee nao wakajifanya jopo la usaili ili wamsaidie. Mzee Mwakalinga alijiteua mwenyekiti, akawa anasinzia katikati ya jibu na kuzinduka akisema, "Hujafaulu, rudia."

Huyo Mwakalinga ndiye aliyemtesa kila asubuhi. Alipokea kidonge, akanywa maji glasi nzima, akashukuru, hata akamwombea baraka, na baadaye kidonge kikaokotwa kwenye kopo la maua. Ndiyo maana Sekela hakuwa akibanduka kitandani pake mpaka ulimi uinuliwe.

Siku ikafika. Mwenyekiti wa jopo alikuwa Daktari Kyando, mtu mzima mwenye sauti ya kanisani.

"Ukishampa mgonjwa dawa, unafanya nini?"

"Ninaandika kwenye faili lake kwamba amepata dawa, kisha ninaweka saa na sahihi yangu," Sekela akajibu kama kaseti.

Matroni aliyeketi kando akakumbuka jambo. "Daktari, na wewe presha yako." Akamsogezea kidonge na glasi ya maji. Daktari akakitupia kinywani, akanywa maji yote, akashukuru kwa maneno mengi, akaendelea na swali lililofuata akiongea kwa upande mmoja wa mdomo.

Sekela hata hakulisikia swali. Mdomo wa namna ile aliujua, na shukrani ndefu vilevile. Kabla hajajizuia, alikwisha kusema kwa sauti yake ya kila asubuhi:

"Babu, inua ulimi."

Cha ajabu, Daktari akauinua, na kidonge kikaonekana kimejilaza pale chini.

"Kumbe!" Matroni akasema. "Presha haishuki, nasi kazi yetu kubadilisha dawa."

"Ni chungu," Daktari akajitetea kwa sauti ndogo. Kisha akamgeukia Sekela. "Wewe umejifunza wapi mambo haya?"

Sekela alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliona kazi imekwenda na maji, basi heri aseme kweli.

"Kwa wazee wangu, Daktari. Niliona aibu kuwataja. Lile jibu la faili nililikariri tu. Mtu anaweza kunywa maji yote asimeze kidonge, na faili likaandikwa kwamba amepata dawa."

Daktari akaomba maji mengine. Safari hii akameza, akainua ulimi bila kuambiwa, ndipo akamuuliza anaweza kuanza lini.

Kule makaoni Mzee Mwakalinga alitamba kwamba yeye ndiye aliyemfaulisha, na hakuwa na wa kumbishia. Wauguzi wa hospitali ile wakayageuza maneno ya Sekela kuwa msemo, ukatoka nao mpaka sokoni, ukafika kwetu.

Kwa hiyo, Shukuru, mjukuu wangu, kunywa maji si kumeza kidonge. Lete hicho kitabu hapa, uinue ulimi tuone.