Kiboko Alivyogeuka Mlinzi wa Ute

Paukwa.

— Pakawa.

Paukwa maji.

— Pakawa kiu.

Basi mwenye kiu asogee, mwenye usingizi ampishe.

Hapo kale palikuwa na kijito kilichoshuka kutoka kilimani, chururu, chururu, kikapita kati ya mawe, kikatuama kidogo kwenye kidimbwi, kisha kikaendelea na safari yake. Kwenye kidimbwi hicho aliishi Bi Chura. Bi Chura alikuwa na maradhi yasiyo na dawa: hawezi kuona kitu asitake kujua kwa nini kiko hivyo. Wenzake wakiuliza chakula kiko wapi, yeye huuliza nani amekiweka.

Kule juu kilimani Bwana Kiboko alikuwa amepata dhahabu. Kiboko na dhahabu wapi na wapi, mtauliza. Hata Bi Chura aliuliza. Lakini Kiboko hakuhitaji sababu. Alipenda tu kuwa na kitu ambacho wengine hawana. Basi alichimba, akaponda mawe kwa miguu yake, gudu, gudu, akayachanganya na zebaki ili inase punje za dhahabu. Akimaliza, maji yote aliyooshea anayamwaga kijitoni, puuu.

Vumbi likizama, maji yale yalibaki maangavu kama kioo, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya. Ndani yake mlikuwa na zebaki, mlikuwa na madini ya risasi yaliyotoka kwenye mawe, na jicho halivioni. Wanyama wakanywa, wakaanza kutetemeka. Nungunungu, jirani yake Bi Chura, miiba ikampukutika mgongoni. Na mayai ya Bi Chura, aliyoyataga kwa uchungu wake, yakageuka meupe yasianguliwe hata moja. Bi Chura alikaa kando yake akiyatazama mpaka jua likahama.

Chemchemi safi ilibaki moja tu, na Kiboko alikuwa ameilalia.

"Anayetaka kunywa anibebee mawe," alisema.

Wakabeba. Na kadiri walivyombebea mawe, ndivyo alivyoponda. Na kadiri alivyoponda, ndivyo kijito kilivyozidi kuharibika.

"Jirani, umeamkaje?" Bi Chura alimuuliza Nungunungu.

"Nimeamka nikitetemeka, dada. Nainama nichimbe mzizi, mikono inakataa."

"Kwani ubaya huu wa maji unaishia wapi?"

"Unaishia tumboni mwangu," akasema Nungunungu. "Niache nikabebe jiwe."

Bi Chura hakubeba jiwe. Alifuata kijito. Akaruka, chubwi, akaonja, akatema, ptu. Ladha ilikuwa kama kulamba jembe. Akaenda mbele, akaruka, chubwi, akaonja, akatema, ptu. Akapita kwenye mawe yaliyofunikwa na ute mzito wa kuteleza, akaruka, chubwi, akaonja.

Hakutema.

Akatazama chini. Viluwiluwi wa chura mwingine walikuwa wakicheza, mikia yao ikipepea. Bi Chura akarudi juu ya mawe, akaonja: ptu. Akashuka chini ya mawe, akaonja: maji matamu.

"Kuna nini kati ya huku na kule?" akajiuliza. "Hakuna ila mawe na ute."

Wengine wangesema ute ni uchafu. Lakini Bi Chura mwenyewe alikuwa na ute mgongoni, hakuwa wa kuudharau. Akalichunguza jiwe moja. Ute wake pembeni ulikuwa wa kijani, katikati mweusi tii. Akaukwangua wote, jiwe likabaki jeupe. Siku zilipopita akarudi, akaukuta umeota tena.

"Kitu kikirudi, yupo anayekirudisha," akasema. Akasogeza jicho, akasogeza na la pili. Hakuona mtu.

Lakini walikuwepo, wanangu. Ni vidudu vidogo mno, kijiji kizima chao hukaa kwenye ncha ya mwiba. Waliosoma huviita bakteria. Huo ute ni nyumba yao, wanautengeneza wenyewe, na unanata. Zebaki ikipita inashikwa. Risasi ikipita inashikwa, na ute ukijaa hugeuka mweusi. Maji yanaachiwa yaende zake.

Shida ilikuwa moja: mawe yenye ute yalikuwa machache, na sehemu kubwa ya kijito ilipita pembeni. Ili maji yote yapite kwenye ute, mawe yalitakiwa yatandazwe toka ukingo hadi ukingo. Bi Chura akajaribu kusukuma moja. Halikusikia. Mwenye nguvu za kuyabeba alikuwa mmoja tu pale.

Bi Chura akachukua donge la ute mweusi, akapanda kilimani.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Umeleta jiwe?"

"Nimeleta pole."

"Pole ya nini?"

"Ya mali yako inayotoroka."

Kiboko akasimama. Chemchemi ikacheza kwa uzito wake.

"Anayeiba ni nani?"

"Haiibwi, bwana. Unaimwaga mwenyewe na maji. Ila kule chini kuna ute unaoikamata. Tazama."

Akalifinya donge juu ya jiwe. Kichembe cha zebaki kikajitokeza, kikabingirika, ng'ari, ng'ari. Macho ya Kiboko yakabingirika nacho.

"Hii ni yangu," akasema.

"Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa Tembo."

"Usiende kwa Tembo. Nifanyeje?"

"Mimi najua nini, bwana, mimi chura tu. Ila nimeona ute unapenda mawe, tena mengi. Haupendi kukanyagwa. Na ukishakuwa mweusi, mwenye akili angeutoa akaufukia mbali na maji, kwenye shimo la udongo wa mfinyanzi, mwingine asije akaukuta."

"Usimwambie mtu."

"Nitafunga mdomo," akasema Bi Chura. Na kwa mdomo ule, hiyo haikuwa kazi ndogo.

Kiboko hakumwamini mtu, kwa hiyo alibeba mwenyewe. Alibeba mawe, gudu, akashuka, gudu, akayatandaza kijitoni kabla ya kidimbwi, toka ukingo hadi ukingo, safu juu ya safu. Bi Chura akayapaka ute, pwata, pwata. Ute ukashika, ukatambaa, ukayafunika yote. Kiboko akakaa hapo akilinda, akimfukuza yeyote anayetaka kukanyaga. Ukiwa mweusi anaukomba, anaufukia shimoni kule mbali, anarudi mbio kulinda mwingine. Muda wa kuchimba dhahabu akaukosa. Chemchemi ikabaki bila mlinzi, wanyama wakaacha mawe wakaenda kunywa, na baadaye wakanywa kijitoni kama zamani. Mikono ya Nungunungu ikaanza kutulia.

Siku moja Kiboko akamwita Bi Chura, uso umemkunjamana.

"Nimewatazama wale wanaokunywa huko chini. Mbona hawatetemeki tena?"

Bi Chura akasogea karibu.

"Wanakunywa mabaki, bwana. Cha maana chote umeshakichukua wewe."

Kiboko akafikiri. Halafu akacheka mpaka mashavu yakatikisika.

"Wajinga hao," akasema. "Wanakunywa maji matupu."

"Matupu kabisa," akasema Bi Chura.

Akashuka kidimbwini. Mayai yake mapya yalikuwa yameanza kujipindapinda, na kiluwiluwi mmoja alikuwa ameshatoa mkia nje. Bi Chura akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akainua kichwa, akajiuliza vidudu vile hula nini, akaruka, chubwi, kwenda kutafuta.

Mafunzo ya ngano hii ni haya, wanangu. Msiwe wadadisi, udadisi haujamfaa mtu. Ute ni uchafu. Mkiuona kwenye jiwe, sugueni mpaka ling'ae. Na mwenye nguvu akisema kila kilichomo majini ni chake, msibishane naye. Mpeni akibebe.

Mimi niliwaacha hapo hapo, Kiboko akilinda, nikaja kuwasimulia. Nami nimekoma, asiyekoma ni mto.